Mama mzee akiitwa mlozi, uliza kwanza nani atalima shamba lake

Mambo huanza karibu kila mara kwa namna ileile. Mtoto anaugua, homa inapanda, dawa ya kituo cha afya imekwisha au pesa ya kuinunua haipo. Siku ya tatu mtoto anafariki. Kwenye kilio watu wameketi, na mtu mmoja anauliza kwa sauti ndogo: huyu mtoto alikula nini, na alikula kwa nani? Jioni hiyo familia inakwenda kwenye chumba cha maombi. Nabii anafumba macho, anatetemeka, anasema anaona mwanamke, nyumba yake iko karibu na mgomba. Nyumba zilizo karibu na mgomba ni nyingi kijijini. Lakini kila mtu tayari anajua nani anasemwa: yule mama mzee, mjane, anayeishi peke yake kando ya shamba lake.

Kabla jua halijatoka, vijana wamefika mlangoni kwake. Wakati mwingine anafukuzwa tu, na kikwembe kimoja mwilini. Wakati mwingine haachwi hai.

Watu wakisimulia habari hiyo, wanasema juu ya usiku: juu ya sumu, ndege, mapepo na nyama za watu. Ni mara chache mtu anasimama baada ya wiki tatu na kuuliza swali la mchana: lile shamba la yule mama, sasa linalimwa na nani?

Swali hilo si la dharau kwa imani ya mtu yeyote. Mzazi aliyefiwa na mtoto ana uchungu wa kweli, na hofu yake ni ya kweli. Lakini swali linastahili kuulizwa, kwa sababu shutuma ya ulozi ina matokeo ambayo kila mtu anaweza kuyaona kwa macho. Inamtoa mtu mmoja katika nyumba na katika ardhi, bila tribinali, bila karatasi, bila fidia. Na mtu huyo, mara nyingi mno, ni mwanamke mzee asiye na mtu wa kumtetea.

Wanaouawa ni nani

Mwezi wa Septemba 2021, habari za Kivu Kusini zilifika hadi ng'ambo. Katika mwezi huo mmoja, wanawake wanane walioshutumiwa ulozi waliuawa katika wilaya tatu za jimbo, wengine kwa kuchomwa moto, wengine kwa kupigwa na umati. Kalehe ilikuwa kati ya sehemu zilizotajwa sana. Mara nyingi waliolengwa walikuwa wamama wa umri mkubwa. Na waliowataja hawakuwa waganga wa zamani wa kijijini, bali manabii wa kike, wale wanaoitwa bajakazi, wanaodai kuonyeshwa na Mungu nani ni mlozi.

Miaka ishirini kabla ya hapo, Juni 2001, huko Aru katika Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa muda mfupi kwa shutuma ileile, wakati vita vilikuwa vimekwisha kuvunja mamlaka ya serikali. Na Kinshasa, kwa miaka mingi, watoto wengi wanaolala barabarani ni watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa ndoki.

Habari kama hizi zinapotoka, maelezo mawili hutolewa haraka. La kwanza: ni mila ya Waafrika. La pili: ni ujinga, watu hawakusoma. Yote mawili yanafaa wale wanaotaka kufunga mazungumzo. Yote mawili hayajibu swali la msingi: kwa nini yeye, na kwa nini sasa?

Ulaya nayo ilichoma wamama wake

Anayesema kwamba kuua walozi ni jambo la Waafrika anapaswa kutazama historia ya Ulaya. Kati ya miaka ya 1450 na 1750 hivi, wanahistoria wanakadiria kwamba watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa huko kwa shutuma ya ulozi. Karibu robo tatu yao walikuwa wanawake. Hawakuuawa na umati wa usiku peke yake. Wengi walihukumiwa na mahakimu waliosoma, mbele ya makarani walioandika kila neno.

Na hiyo haikuwa Ulaya isiyojua kusoma. Ilikuwa Ulaya ya mashine za kuchapa vitabu, ya vyuo vikuu na ya meli kubwa. Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa Mto Congo mwaka 1482. Miaka minne hivi baadaye, mtawa Heinrich Kramer alichapisha Ujerumani kitabu cha Malleus Maleficarum, kinachofundisha namna ya kutambua walozi na kuwahukumu, na kinachosema wazi kwamba wanawake ndio wanaoingia katika ulozi kwa urahisi zaidi. Basi kusoma peke yake hakumwokoi mtu. Kitabu kinaweza kuua kama panga.

Nini kilikuwa kinatokea katika Ulaya hiyo? Ardhi ilikuwa inageuka. Huko Uingereza, kwa vizazi vingi, mtu maskini alikuwa na haki katika ardhi ya wote: kulisha ng'ombe mmoja, kuokota kuni, kuokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno. Mjane asiye na mume wala shamba aliweza kuishi kwa haki hizo. Kisha wenye nguvu walianza kuzungushia ardhi hiyo uzio, kufuga kondoo na kuuza sufu. Mwaka 1549, katika jimbo la Norfolk, wakulima maelfu waliinuka chini ya Robert Kett na kung'oa nyua hizo. Jeshi la mfalme liliwavunja, na Kett alinyongwa. Wakati huohuo bei ya chakula ilikuwa inapanda mwaka kwa mwaka, na mshahara haukuifuata.

Mjane aliyepoteza kuni zake na malisho yake alibaki na kitu kimoja tu: mlango wa jirani. Wanahistoria Keith Thomas na Alan Macfarlane walisoma kesi za Uingereza, na Macfarlane alichunguza hasa zile za jimbo la Essex. Waliona hadithi moja inarudi mara kwa mara. Mama mzee anagonga mlango, anaomba maziwa kidogo au kipande cha mkate. Jirani anamnyima. Mama anaondoka akinung'unika. Baada ya siku chache ng'ombe anakufa, au mtoto anaugua. Jirani anakumbuka manung'uniko yale, na anasema: ni yeye.

Hapo kuna jambo la kuangalia vizuri. Jirani yule alijua moyoni kwamba amekosa. Desturi ya zamani ilimtaka ampe. Maisha mapya ya pesa yalimfundisha kuhesabu. Kumwita mama yule mlozi kulimwondolea deni: si mimi niliyemnyima, ni yeye aliyeniloga. Kila anayeishi katika kijiji ambamo mama mzee anapita nyumba kwa nyumba kuomba chumvi anaifahamu hadithi hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Essex.

Hali ya hewa nayo ilisukuma. Miaka ile Ulaya ilikuwa na baridi kali na mvua za mawe zilizoharibu mavuno. Mwaka 1562, katika mji mdogo wa Wiesensteig huko Ujerumani, mvua ya mawe ilipiga mashamba. Watu walitafuta aliyeileta. Hadi kesi zinakwisha, wanawake 63 walikuwa wameuawa.

Na mashine hiyo ilipoanza kuzunguka haikujua kusimama. Aliyekamatwa aliteswa hadi akakubali, kisha akateswa tena hadi akataja wengine. Mwaka 1628, huko Bamberg, zamu ilimfikia Johannes Junius, meya wa mji. Kutoka gerezani alimwandikia binti yake barua kwa siri, akimweleza kwamba yote aliyokiri aliyasema kwa sababu ya mateso. Aliuawa. Wale wanaosema leo "lakini yeye mwenyewe alikubali mbele ya watu" wangeisoma barua hiyo, wangeelewa kukubali kwa mtu aliyefungwa kamba kuna thamani gani.

Kazi isiyohesabiwa

Mwanamke mmoja Mwitalia, Silvia Federici, aliyewahi kufundisha chuo kikuu huko Nigeria, aliandika mwaka 2004 kitabu juu ya mambo haya, Caliban and the Witch. Hoja yake ni nzito. Anasema ubepari haukuzaliwa kwa biashara na mashine peke yake. Ulizaliwa pia kwa kuwavunja wanawake. Ili watu wafanye kazi kwa mshahara, lazima mtu mwingine azae, apike, ateke maji, auguze, bila kulipwa. Kazi hiyo ilikuwapo zamani. Kipya ni kwamba ilifutwa katika hesabu, ikaitwa "si kazi". Na mwanamke aliyekuwa na ujuzi wake, aliyeishi bila mume, aliyesema kwa sauti, alifanywa adui. Moto ulikuwa somo kwa wote waliobaki wakitazama.

Si wanahistoria wote wanaokubaliana naye, na ni haki kulisema. Uingereza, ambako ardhi iligeuka bidhaa mapema, iliua walozi wachache zaidi kuliko Ujerumani, ambako vijimji na vijifalme vingi vilikuwa na tribinali zake. Vita vya dini vilichangia. Mahakimu wabaya walichangia. Na imani ya ulozi ni ya zamani kuliko ubepari, kule na huku. Pesa haikuiumba.

Lakini hata baada ya kupunguza hayo yote, kuna jambo linabaki. Imani inaweza kukaa kijijini miaka mia bila kuua mtu. Wazee walikuwa na njia za kuituliza: kikao, faini, mbuzi, upatanisho. Imani hiyo inakuwa panga pale ambapo ardhi imekuwa haba, pesa imekuwa kipimo cha kila kitu, na mama mzee ameonekana kuwa mdomo usio na mikono.

Kivu, ardhi na pesa

Katika Kivu ugeuzi huo una tarehe zake. Mwaka 1928 wakoloni Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, wakalipa mamlaka ya kugawa maeneo makubwa ya ardhi kwa walowezi. Milima ikapandwa kahawa, chai na kwinini. Kodi ilidaiwa kwa pesa, na mwanaume alilazimika kuondoka kuitafuta. Aliyebaki na jembe ni mwanamke. Mwaka 1973 Zaïre iliwanyang'anya wageni mashamba hayo, lakini mengi hayakurudi kwa wanakijiji. Yalikwenda kwa wakubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Kwa ardhi ya vijiji, sheria iliahidi agizo la rais litakaloeleza haki za wenyeji. Agizo hilo halijatoka. Mwenye pesa na mwenye mtu ofisini anaweza kupata karatasi juu ya kilima ambacho wengine wamekilima tangu babu zao.

Katika Bushi, desturi ya kalinzi ilimpa mtu ardhi kwa kudumu, yeye na watoto wake, mbele ya Mwami. Lakini aliyepokea kalinzi alikuwa mwanaume. Mwanamke alilima kwa jina la baba, kisha la mume, kisha la mtoto wa kiume. Akikosa hao watatu, anabaki na bwasa, shamba la kukodi kwa msimu, ambalo mwenyewe anaweza kulichukua wakati wowote. Katika Kabare na Walungu, ambako watu wamebanana na mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande vidogo, kijana anayetaka kuoa anaangalia kulia na kushoto na haoni pa kujenga. Anachoona ni kipande cha shangazi, au cha mjane wa baba mkubwa.

Machimbo yameongeza jambo lingine. Kijana anayepata koltani au dhahabu anashika kwa wiki moja pesa ambayo mkulima haioni kwa miezi. Mwanamke, katika machimbo mengi, anakatazwa hata kukaribia shimo, eti atafukuza madini. Kazi yake ni kubeba, kuosha, na kutwanga mawe. Huko Kamituga wanaitwa mama twangaise, wanaomeza vumbi kutwa nzima kwa malipo madogo. Kwenye soko la pesa, kazi ya mwanamke ni ya chini wakati ana nguvu. Nguvu zikiisha, mbele ya macho ya watu anakuwa si kitu. Mama aliyelima mihogo miaka hamsini, akatwanga sombe, akapokea wajukuu mikononi, anaambiwa "anakula bure". Kutoka "anakula bure" hadi "anakula watu" njia si ndefu.

Kuna jambo moja la sheria ambalo wajane wengi hawaambiwi. Sheria ya familia ya Congo inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vilivyomo. Inampa pia haki ya kutumia nusu ya shamba lililo karibu na nyumba, ambalo mume alikuwa akililima kwa faida yake. Shemeji anayetaka ardhi hiyo, akienda tribinali, anaweza kushindwa. Lakini kama mama yule ametajwa kuwa mlozi, hakuna haja ya tribinali. Anakimbia usiku, na asubuhi shamba liko wazi. Shutuma inafanya kazi ambayo sheria ingeikataa.

Si kila anayeshutumu anafikiria ardhi. Wengi hawaifikirii kabisa. Wanalia mtoto wao. Ila kila umati una mtu aliyeuchochea, na ni vizuri kumtazama huyo.

Majirani wameona hayohayo

Upande wa pili wa Tanganyika, katika Usukuma, wamama wazee wameuawa kwa miaka mingi, mara nyingine juu ya macho mekundu tu. Macho hayo ni ya moshi wa jikoni, moshi wa kupikia wengine maisha yote. Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alichunguza wilaya ya Meatu na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua mbaya, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka mara mbili. Mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa zaidi wanawake wazee, na mara nyingi na watu wa jamaa yao. Kama wachawi ndio wenye hatia, kwa nini wanaongezeka mwaka ambao ghala ni tupu?

Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wanaouawa sana kwa jina la uchawi ni wababa wazee. Kwa nini wababa? Kwa sababu huko baba mzee ndiye anayeshika ardhi ya familia, na vijana wanataka kuigawa na kuiuza. Hatia inabadilika jinsia, shamba linabaki katikati.

Wakati wa kukimbia, na wakati wa kurudi

Kwa familia zilizokimbia vita, mambo haya si historia ya mbali. Katika kambi na katika nyumba za jamaa zinazopokea, watu wamebanana, chakula ni kidogo, na magonjwa ni mengi. Mtoto akifa kwa kuharisha, ni rahisi kumtazama bibi aliyelala pembeni ya hema. Lakini kipindupindu hakihitaji mlozi. Kinahitaji choo kilicho karibu na maji ya kunywa. Surua haihitaji mlozi. Inahitaji watoto waliokosa chanjo kwa sababu ya vita. Mama mzee katika kambi amepoteza majirani wanaomjua tangu ujana, wale ambao wangesimama na kusema: "Huyu ndiye aliyenikata kitovu." Kati ya watu wasiomjua, yeye ni sura tu.

Kurudi nako kuna hatari yake. Mjane anarudi kijijini baada ya mwaka au miwili na kukuta mtu amelima shamba lake. Akidai, kuna njia fupi ya kumnyamazisha. Kila shefu wa kijiji anayesikia neno "mlozi" likitamkwa juu ya mama aliyerudi kudai ardhi, aulize mara mbili, na aandike majina ya waliolitamka.

Kinachowezekana kufanywa

Ulaya haikuacha kuua walozi kwa sababu watu wote waliacha kuamini. Iliacha kwanza kwa sababu sheria iligeuka. Ufaransa iliifunga njia hiyo mwaka 1682. Uingereza ilifuta sheria zake za ulozi mwaka 1736, na tangu hapo kosa likawa ni kudai uwezo huo. Mwaka 1751, karibu na mji wa Tring, umati ulimzamisha mama mzee, Ruth Osborne, ndani ya maji hadi akafa. Wengi waliokuwa pale waliamini wamefanya haki. Lakini safari hii aliyeongoza umati, Thomas Colley, alishitakiwa kwa mauaji na kuhukumiwa. Watu walielewa kwamba moto na maji vina bei.

Congo tayari inajua kufanya hivyo kwa watoto. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Bibi anastahili ulinzi wa namna hiyo kama mjukuu wake. Wabunge wa Kivu wanaweza kuudai. Na hata kabla ya sheria mpya, kuua ni kuua, kuchoma nyumba ni kuchoma nyumba, na kumpakazia mtu jambo la kumharibia ni kosa ambalo parke inaweza kulifuata leo. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Julai 2021 azimio la kulaani mashambulizi ya aina hii, miezi miwili tu kabla ya mauaji ya Septemba. Azimio la Geneva halizimi moto wa Kalehe. Mtu wa karibu ndiye anayeuzima.

Shefu wa kijiji anaweza kuweka kanuni kwamba hakuna kikao juu ya kifo kabla muuguzi hajaeleza ugonjwa. Mchungaji na padri wanaweza kusema wazi mbele ya waumini kwamba anayetaja jina la mtu katika maombi, kisha mtu huyo akauawa, ameshiriki kumuua. Shirika la raia linaweza kuandika mpaka wa shamba la kila mjane, na majina ya mashahidi wanne, kabla ugomvi haujaanza. Na kama mama amefukuzwa, shamba lake lisiguswe na mtu hadi haki isemwe. Kanuni hiyo ya mwisho ni ndogo, lakini ina nguvu. Pale ambapo kumfukuza mlozi hakumpi mtu hata mraba mmoja wa ardhi, itaonekana haraka ni walozi wangapi wanabaki.

Watoto wake, hasa wa kiume, wana kazi nzito kuliko wote. Mara nyingi umati unakuja baada ya kuhakikisha kwamba mtoto yuko mbali, au yuko karibu lakini atanyamaza. Mtoto anayesimama mlangoni asubuhi ile, pamoja na jirani wawili na shefu, anaweza kuigeuza siku nzima. Anayesubiri kuona upepo unaelekea wapi atakuja kuzika, au hatapata hata cha kuzika.

Na kwenye kilio kinachofuata, wakati mtu atauliza kwa sauti ndogo mtoto alikula kwa nani, mwingine anaweza kuuliza kwa sauti kubwa: dawa ilikosekana kwa nini, maji yalitoka wapi, na nani amekuwa akitamani shamba la mama huyu?